Kiambatisho kimefika kimeharibika: utume tena, upime, usome baiti au unase njiani?

"Kaka, faili limefunguka, ila kurasa zote tatu ni nyeupe."

Aliyepiga simu alikuwa karani wa wakala wa forodha, Kurasini. Faili lenyewe lilikuwa hati ya shehena, BL kama wenyewe wanavyoiita, iliyotoka kwenye mfumo wa kampuni nyingine kupitia huduma ya wavuti, yaani mifumo ikizungumza yenyewe kwa yenyewe mtandaoni, na kuingia kwenye mfumo ninaoutunza. Kontena lilikuwa bandarini, mwenye mzigo yuko Kariakoo anahesabu siku, kwa sababu siku za kuhifadhiwa bure zikiisha kila kunapokucha kuna bei. Ofisini kwetu jibu likawa lile tulilolizoea: mtandao leo unasumbua, waambieni watume tena. Wakatuma tena mara tano. Kurasa zikawa nyeupe mara tano.

Kosa halikuwa kwenye mtandao. Lilikuwa mstari mmoja wa msimbo upande wetu, uliopokea PDF na kuisoma kana kwamba ni maandishi. Tungeligundua kwa dakika kumi kama tungechagua njia sahihi ya kuchunguza. Tulipoteza siku nzima ya mtu mwingine, na jambo hilo bado linaniuma.

Kabla ya kulinganisha njia zenyewe, tuelewane kuhusu huo mtandao. TCP, kanuni inayosafirisha data mtandaoni, hukagua kila kipande cha data, na HTTPS, ambayo hufunga mazungumzo kwa siri, inakagua kwa ukali zaidi: baiti moja ikibadilishwa njiani, muunganisho unakatwa, haupiti kimyakimya. Mtandao unaweza kuchelewa na unaweza kukatika katikati ya faili. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, sote Dar tuliona maana yake, kurasa zikizunguka bila kufunguka. Lakini hitilafu ya namna hiyo hupunguza faili au hulizuia lisifike. Haichukui baiti 89 na kuigeuza kuwa EF BF BD (thamani za baiti naziandika kwa heksi, yaani hesabu ya msingi wa 16: 0 hadi 9, kisha A hadi F). Faili lililofika kamili likiwa limebadilika ndani, limebadilishwa na programu iliyoko kwenye mojawapo ya ncha mbili, au na programu ya katikati inayofungua ujumbe na kuufunga upya.

Kwa hiyo swali ni moja: ni ncha ipi, na hatua ipi? Ziko njia nne za kulijibu. Nimezipima kwa vigezo vilevile: mahitaji (unahitaji nini mkononi na ruhusa ya nani), jibu (inakuambia nini), upofu (isichoweza kukuonyesha), muda, na siri (taarifa za watu zinabaki salama kiasi gani). Hicho cha mwisho si cha kupuuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na viambatisho vyetu vimejaa pasipoti, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na ankara za watu.

## Kuomba litumwe tena

Mahitaji. Simu tu, na uhusiano mzuri na upande wa pili.

Jibu. Linapofika zima mara ya pili, umejua kwamba tatizo ni la muda: muunganisho ulikatika, diski ilijaa, seva iliwashwa upya katikati ya kazi. Linapofika limeharibika vilevile, na kwa ukubwa uleule kabisa, umejua kwamba kuna programu inayofanya kosa lilelile kila mara. Hilo ni jibu la thamani, na watu wengi hulitupa kwa sababu hawaandiki ukubwa wa faili la kwanza kabla ya kulifuta.

Upofu. Haikuambii chochote kuhusu chanzo. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba likifanikiwa mara moja, kila mtu anarudi kwenye kazi zake na tatizo linabaki limelala mpaka siku ya haraka.

Muda. Dakika chache, mradi aliye upande wa pili yuko mezani.

Siri. Tatizo huanza mtu anaposema "basi nirushie kwa WhatsApp". Picha ikitumwa kama picha hubanwa upya, hivyo haiwezi tena kuwa ushahidi wa lolote. Ikibidi, itumwe kama hati. Hata hivyo nakala ya pasipoti ya mteja sasa imekaa kwenye simu mbili zisizohusika.

Inamfaa karani au msimamizi asiye na uwezo wa kuingia kwenye seva, kwa jaribio moja. Jaribio la pili ni kupoteza muda wa watu.

## Kupima ukubwa na heshi

Heshi ni ile namba ndefu inayokokotolewa kutokana na baiti zote za faili. Ukibadilisha baiti moja, namba yote inabadilika. SHA-256 huandikwa kwa tarakimu na herufi 64.

Mahitaji. Faili lililofika, na mtu wa upande wa pili aliye tayari kupima faili lilelile alilotuma. Kwenye Linux ni `sha256sum BL.pdf`, kwenye Windows ni `certutil -hashfile BL.pdf SHA256`. Kwa simu, someaneni herufi sita za mwanzo na sita za mwisho. Kwa kazi hii zinatosha.

Jibu. Heshi zikifanana, faili halikuharibika njiani. Lilikuwa bovu tangu kwa mtumaji, au programu inayolifungua ndiyo yenye shida. Zikitofautiana, limeguswa mahali fulani. Ukiipima pia nakala iliyo kwenye kanzidata na ile anayopakua mtumiaji, unajua limeguswa baada ya hatua ipi.

Ila mimi huanza na ukubwa, kwa sababu ukubwa hueleza mengi kuliko watu wanavyodhani. Faili lililofika likiwa kubwa kwa theluthi moja hivi ni base64, namna ya kuandika faili lolote kwa herufi za kawaida, ambayo haikusimbuliwa, kwa kuwa base64 hugeuza kila baiti tatu kuwa herufi nne. Likiwa kubwa kwa karibu nusu, na lenyewe ni JPEG au ZIP, mtu amelisoma kama Latin-1 na kuliandika kama UTF-8 (hizo ni kanuni mbili tofauti za kugeuza herufi kuwa baiti): nusu ya baiti zake ni kuanzia 80 kwenda juu, na kila moja imekuwa mbili. Likikaribia mara mbili, limesomwa kama UTF-8 tangu mwanzo na baiti zisizoeleweka zimebadilishwa kuwa alama ya kuuliza ndani ya almasi, ambayo ina baiti tatu. Likiongezeka kidogo tu, kama baiti 390 katika kila 100,000, kuna programu inayoongeza alama ya kurudi mwanzo wa mstari kabla ya kila mwisho wa mstari, kwa sababu katika data iliyobanwa baiti 0A hutokea wastani wa mara moja katika kila 256.

Likiwa dogo, angalia namba yenyewe. Baiti 65,535 kamili ni mwisho wa safu ya BLOB (ya kuhifadhia mafaili) ya kawaida kwenye kanzidata ya MySQL. Kiasi cha baiti 49,000 ni base64 iliyokatwa na safu ya TEXT (ya maandishi) yenye mwisho huohuo. Ukubwa unaogawanyika sawasawa kwa 8,192 au 4,096 unaashiria bafa, yaani kihifadhi cha muda cha programu: programu imesoma kipande na kuandika bafa nzima bila kuuliza ni baiti ngapi zilizopokelewa, au imesoma mara moja na kuacha. Hapa ndipo mtandao wetu huingia, lakini kama shahidi. Ofisini, seva ikiwa chumba cha pili, usomaji mmoja huleta faili lote na msimbo unaonekana mzima. Faili likitoka mbali kupitia njia ya polepole, usomaji uleule huleta kipande, na kosa lililokuwepo siku zote linaonekana.

Upofu. Heshi inasema ndiyo au hapana, haisemi kwa nini. Kuna pia mtego uliowahi kutugombanisha na wenzetu: mifumo mingi hutengeneza PDF upya kila inapoombwa, na muda wa kutengenezwa huandikwa ndani. PDF mbili nzima za hati moja zitakuwa na heshi mbili. Hakikisha mnapima faili moja lililohifadhiwa, wala si hati moja iliyotengenezwa mara mbili.

Muda. Dakika tano upande wako. Upande wa pili ni kadiri watakavyokujibu.

Siri. Hapa haina mpinzani. Heshi haionyeshi kilichomo, unaweza kuituma kwa barua pepe bila hofu.

Inamfaa msimamizi wa mfumo anayeshughulika na kampuni nyingine, hasa pale ambapo kila upande unasema kosa ni la mwenzake. Mkiwa bado mnaandika makubaliano ya kuunganisha mifumo, ombeni heshi ije pamoja na kila faili. Tangu 2024 kuna kiwango rasmi, RFC 9530, kinachoeleza kichwa cha HTTP (mstari wa maelezo unaotangulia data) kiitwacho Content-Digest kwa kazi hiyohiyo.

## Kusoma baiti zenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na nakiri hivyo mapema ili msomaji apime maneno yangu.

Mahitaji. Faili lililofika tu. Humwombi mtu yeyote kitu. `xxd BL.pdf | head` kwenye Linux au Mac, `Format-Hex` kwenye PowerShell. Pia ujue mianzo michache: PDF huanza 25 50 44 46, JPEG huanza FF D8 FF, ZIP huanza 50 4B 03 04 (na DOCX na XLSX ni ZIP ndani yake), PNG huanza 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A.

Jibu. Baiti hukuambia jina la ugonjwa. Tazama PNG. Waliobuni mwanzo wake waliuweka uwe mtego wa makusudi. Ile 89 ipo kwa sababu haimo katika ASCII, orodha ya herufi za kawaida: njia inayokata biti ya nane itaigeuza kuwa 09. Zile 0D 0A zipo kwa ajili ya programu zinazobadilisha miisho ya mistari: ukikuta 0A peke yake, kuna aliyeondoa 0D, ukikuta 0D 0D 0A, kuna aliyeongeza. Ukikuta EF BF BD mahali pa 89, faili limesomwa kama UTF-8. Ukikuta C2 89, limesomwa kama Latin-1 na kuandikwa kama UTF-8.

Tofauti ya hayo mawili ya mwisho ni kubwa kwa mwenye mzigo. C2 89 inaweza kurudishwa nyuma, kwa sababu kila baiti bado inajulikana ilikuwa ipi. Ukigeuza mchakato, faili linapona. EF BF BD haiponi. Baiti nyingi tofauti zimegeuzwa kuwa alama moja na hakuna programu itakayojua ipi ilikuwa ipi. Akija mtu na programu ya "kutengeneza PDF" wakati faili limejaa EF BF BD, msimwachie mteja matumaini. Ombeni faili jipya baada ya kurekebisha msimbo.

Zile kurasa nyeupe zilikuwa hivyo. Mifupa ya PDF imeandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo idadi ya kurasa ilinusurika. Yaliyomo, yaliyobanwa, yaliteketea. Ndiyo maana faili lilifunguka, na ndiyo maana lilitudanganya. Kwenye Python kosa la aina hii ni kutumia `response.text` badala ya `response.content`, kwenye JavaScript ni `text()` badala ya `arrayBuffer()`, kwenye Java ni kupitisha baiti ndani ya `new String(...)` na kuzitoa tena.

Mianzo mingine ya kuzoea: `JVBERi0` ni PDF iliyo bado katika base64, `/9j/` ni JPEG, `iVBORw0KGgo` ni PNG, `UEsDB` ni ZIP. `SlZCRVJpM` ni PDF iliyotiwa base64 mara mbili, jambo linalotokea pale mtumaji anapoisimba kwa mkono na maktaba yake nayo ikaisimba tena. 1F 8B ni gzip, aina ya ubanaji, ambayo haikufunguliwa. Vistari viwili mwanzoni na neno Content-Disposition ni bahasha ya multipart (ujumbe wenye sehemu kadhaa) iliyohifadhiwa pamoja na barua. EF BB BF au mstari mtupu kabla ya `%PDF` mara nyingi hutoka kwenye faili la PHP lenye nafasi kabla ya alama yake ya kufungulia. Na ukikuta `<!DO` au `{`, hicho si kiambatisho kilichoharibika hata kidogo: ni ukurasa wa kuingia au ujumbe wa kosa uliohifadhiwa kwa jina la PDF. Tokeni (kibali cha kidijitali cha kuingia kwenye huduma) imeisha muda, kalitatueni hilo.

Upofu. Huoni kosa lilipotokea. Unajua limesomwa kama maandishi. Hujui kama aliyelisoma ni wewe au wao. Tena baadhi ya majeraha yako katikati ya faili na mwanzo ni safi. Base64 iliyopita kwenye fomu ya wavuti, ambako alama ya kujumlisha hugeuka kuwa nafasi, huanza vizuri kabisa: baadhi ya visimbuzi vinakataa, vingine vinairuka nafasi hiyo kimya na kila kinachofuata kinasogea. Soma na mkia pia. PDF huishia na `%%EOF` na JPEG na FF D9; mkia usipokuwepo, faili limekatwa.

Muda. Robo saa kwa aliyezoea. Mara ya kwanza itakuchukua asubuhi nzima, na haitapotea.

Siri. Salama ukifanya kwenye mashine yako. Usipakie faili la mteja kwenye tovuti ya kusomea heksi.

Inamfaa msanidi aliye peke yake, asiyepata majibu upande wa pili, mwenye faili moja bovu mkononi.

## Kunasa mazungumzo njiani

Mahitaji. Hapa unahitaji ruhusa. Namna nyepesi ni kurudia ombi lilelile kwa `curl -v -o jaribio.pdf` na anwani ya huduma (`curl` ni programu ya kutuma maombi ya wavuti kwa amri), ukitumia tokeni yako. Namna nzito ni kuweka proksi, programu inayopitisha maombi huku ikiyaonyesha, kama mitmproxy au Fiddler katikati, au kunasa paketi kwa Wireshark. Kwa HTTPS, Wireshark bila funguo za kikao itakuonyesha data iliyofungwa tu, na proksi inahitaji programu yako ikubali cheti chake.

Jibu. Inamaliza ubishi. Faili la `curl` likiwa zima na la mfumo wako likiwa bovu, kosa ni lako. Likiwa bovu kwenye `curl` pia, limetoka bovu. Unaona na vichwa: Content-Type (aina ya data) inasema nini, Content-Length (ukubwa wake) inalingana na kilichofika au la, na kama kuna Content-Encoding (ubanaji). Kwa wanaotumia SOAP, huduma za wavuti zinazozungumza kwa XML, hapa ndipo utaona kama kiambatisho kimo ndani ya XML kwa base64 au kimewekwa pembeni kwa MTOM huku programu yako ikitarajia kingine.

Upofu. Huoni kinachotendeka baada ya data kuingia kwenye programu, wala ndani ya kanzidata. Kama huduma ndiyo inayokuita wewe, huwezi kurudia ombi lake kwa `curl`; inabidi usubiri litokee tena.

Muda. `curl` ni dakika. Proksi au Wireshark kwenye seva ya kazi ni nusu siku, pamoja na kuomba kibali.

Siri. Hii ndiyo nzito kuliko zote. Faili la kunasia linabeba tokeni, nywila na hati za kila mteja aliyepita katika dakika hizo. Nasa kwa muda mfupi, kwenye seva ya majaribio ikiwezekana, na ufute ukimaliza. Usizime ukaguzi wa vyeti kwenye mfumo wa kazi "kwa muda". Muda huo husahaulika.

Inamfaa timu yenye mamlaka juu ya seva, yenye tatizo linalojirudia, au iliyo katika mvutano na mshirika unaohitaji ushahidi.

## Ukiwa katika hali gani, ushike ipi

Wewe ni karani, mteja yuko mbele yako na huna njia ya kuingia kwenye seva: andika ukubwa wa faili, omba litumwe tena mara moja, andika ukubwa wa pili. Zikilingana, wapelekee watu wa mfumo namba zote mbili pamoja na faili bovu lenyewe. Usilifute.

Mafaili ni mabovu mara moja moja, mara nyingi yakiwa makubwa au jioni njia inapolemewa: pima ukubwa wa kila linalofika na ulinganishe na Content-Length. Unatafuta kukatwa, na heksi itakuchelewesha.

Kila faili la aina moja ni bovu na maandishi ya kawaida yanapita salama: soma baiti. Kosa ni usomaji wa maandishi, na mstari wa kwanza wa heksi utakutajia ni upi.

Mafaili yalikuwa yanapita salama mpaka wiki iliyopita, na ninyi hamkubadilisha kitu: `curl` kwanza, kisha heshi na mshirika wenu. Kuna aliyebadilisha upande wa pili au katikati, na mazungumzo yatakuwa mepesi mkiwa na namba mbili zisizolingana kuliko mkiwa na malalamiko.

Hati zina taarifa za afya, pasipoti au fedha za watu: heshi na ukubwa kadiri mnavyoweza, heksi kwenye mashine ya ofisi, na kunasa njiani pale tu mwenye dhamana ya taarifa hizo ameridhia kwa maandishi.

Na kama kontena liko bandarini na saa zinakwenda, fanyeni mawili kwa pamoja. Mmoja achukue hati kwa mkono, hata ikibidi bodaboda iende mpaka kwa mtumaji kuleta nakala, ili mzigo utoke. Mwingine abaki na faili bovu na heksi mpaka ajue mstari wa msimbo.